TUSOME SWALI KWANZA



Wenzetu wengi waliotutangulia madrasa sasa wako vyuoni: wengine Chuo cha Uhasibu kule Njiro, wengine Chuo cha Ufundi Arusha, na wengine Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanza kufundisha kwa masafa mwaka 1994 na chenye kituo hapa mkoani.

Siku hizi kazi nyingi za vyuoni huwekwa mtandaoni, katika programu kama Moodle, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Mwanafunzi aliyeko Usa River au Ngaramtoni huipata kazi yake kwenye simu bila kupanda daladala. Hiyo ni neema. Lakini maelekezo huwa ya Kiingereza, na aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaweza kuijua mada yote, kisha akapoteza alama kwa sababu ameambiwa alinganishe, yeye akaeleza tu.

Kwa maoni yetu, hili si tatizo la akili bali la kutouliza. Madrasa tunasoma mbele ya mwalimu. Tukikosea herufi moja, anatusimamisha hapo hapo. Mtandaoni hakuna wa kutusimamisha. Kosa huonekana alama zikishatoka.

Basi tufanye haya. Kwanza, tuifungue kazi siku inapowekwa, si usiku wa mwisho. Pili, tutafute neno linaloamrisha, jadili, linganisha au tathmini, na tuandike maana yake kwa Kiswahili. Tatu, tuangalie mgawanyo wa alama, idadi ya maneno na tarehe. Nne, tuulize katika baraza la kozi, ili jibu moja lifae darasa zima. Tusiandike "sijaelewa" tu. Tuseme tulivyoelewa, kisha tuombe kusahihishwa.

Kunakili kazi ya mwenzako si dawa. Ni kuvunja amana, na tena, yeye akiwa amekosea swali, nawe umekosea.

Wahadhiri nao wasiishie kupandisha swali. Waongeze mfano mfupi wa jibu. Na wazazi, fedha ya kifurushi cha intaneti ihesabiwe pamoja na ya madaftari.

Haya ni sifa njema, lakini haya inayomzuia mtu kuuliza humkosesha elimu. Kuuliza si ujinga.

Wabillahi tawfiq.