Milango haikuwa wazi

Mama yangu anakaa Mbagala siku hizi, lakini sisi watoto wake tumekulia Tandika, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani mwembe na choo cha shimo. Karibuni nilimkuta barazani na majirani zake wawili, wanachambua mchele na kumzungumzia binti aliyeporwa simu kituoni Rangi Tatu. Mazungumzo yakaishia yanapoishia siku zote. "Zamani, mwanangu, tulikuwa tunalala milango wazi," Mama akasema. Wenzake wakaitikia. Mimi nikatupa jicho kwenye kona ya uani, kilipo kinu chetu cha zamani, kile alichohama nacho kutoka Tandika.

Kinu kile nakijua vizuri. Mchana kilikuwa cha kutwangia kisamvu. Usiku, baada ya baba kufunga komeo la juu na la chini, alikiburuza mpaka koridoni akakiegemeza mlangoni, kwa sababu wezi wa wakati ule walikuja na fatuma. Kwa wasioijua, fatuma ni lile jiwe kubwa ambalo wanaume wawili watatu hulinyanyua na kulirusha mlangoni kwa pigo moja, mbao na komeo vikaanguka pamoja. Mlio wa kinu kikiburuzwa sakafuni ndio uliokuwa mlio wa mwisho wa kila siku ya utoto wangu. Mlango wetu haukulala wazi hata usiku mmoja.

Simwiti mama yangu mwongo. Anakumbuka kwa mapenzi, na mapenzi huchagua cha kukumbuka. Lakini imani hii kwamba Dar es Salaam ya zamani ilikuwa salama, tukaja kuiharibu sisi, imekuwa kama sala mitaani kwetu. Utaisikia Mwananyamala na Tandale, Keko na Yombo, kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye misiba. Naipinga kwa sababu si kweli. Zaidi ya hapo, naipinga kwa sababu inatudhuru.

Wenye umri wangu wanalikumbuka lindo la sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe na ujambazi wa bunduki uliposhamiri baada ya Vita vya Kagera. Mwaka 1989 sheria ikalitambua, na mwanzoni mwa miaka ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, doria zikafika mitaani kwetu. Kila nyumba ilitoa mwanamume, rungu mkononi na filimbi mdomoni, na asiyetoka alitozwa faini. Baba yangu alikuwa akirudi alfajiri macho mekundu, anaoga, anakwenda kibaruani. Kama watu walikuwa wanalala milango wazi, wale wanaume walikuwa wanakesha wakilinda nini?

Tukirudi nyuma zaidi, usalama huo bado hauonekani. Mwaka 1983 serikali iliendesha operesheni ya Nguvu Kazi, ikawasomba watu wasio na kitambulisho cha kazi na kuwapeleka vijijini, kwa hoja kwamba mji umejaa wazururaji na wahalifu. Mwingereza naye alikuwa na hoja hiyohiyo. Katika miaka ya 1940 na 1950 utawala wake uliwakamata vijana uliowaita wahuni na kuwarudisha makwao, ukilalamika kwamba wanaharibu mji. Mwaka 1959, Buguruni, uvumi wa mumiani ulizua ghasia na askari polisi akauawa. Hizo ndizo enzi ambazo wazee wetu wanasema watu waliishi kwa amani. Na magenge ya vijana waporaji si mapya: kabla ya Panya Road walikuwepo Mbwa Mwitu, na kabla yao Komandoo Yosso. Jina linabadilika, na kila kizazi kinadhani majambazi wa kwanza ni wa kwake.

Wapo watakaosema habari za kuporwa na kuvamiwa ni nyingi leo kuliko jana. Ni kweli, habari ni nyingi. Sensa ya mwaka 1978 iliwakuta Dar es Salaam watu 843,090. Ya mwaka 2022 iliwakuta 5,383,728. Mji ukiwa na watu mara sita utakuwa na visa mara sita, hata kama hatari ya kila mmoja wetu haijaongezeka hata chembe. Tena enzi zile redio ilikuwa moja, ya serikali, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Mtu akichomwa kisu Mtoni kwa Aziz Ali, Kinondoni hawakusikia. Leo picha ya damu inafika kwenye simu ya Mama kabla majeruhi hajafikishwa hospitali, na kesho yake inatumwa tena na kundi jingine, hata tukio moja linatisha kama matano.

Hata hivyo wizi si kipimo kikubwa cha usalama. Kipimo kikubwa ni nani anazikwa, na akiwa na umri gani. Mama alizaa watoto saba, tumebaki watano. Mmoja alichukuliwa na surua, mwingine na degedege, usiku, baba anahangaika kutafuta gari. Katika vyumba sita vya nyumba yetu, familia nne zilikuwa zimezika mtoto. Hakuna aliyeiita hali ile ukosefu wa usalama. Iliitwa kazi ya Mungu, mkeka ukatandikwa, maisha yakaendelea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 1991 na 1992 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ni mtoto mmoja katika kila saba. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 43. Tofauti hiyo imeletwa na mpango wa chanjo ulioanza mwaka 1975 ukazidi kupanuka, na chandarua chenye dawa, na mama mjamzito kufika kliniki mapema. Mzazi wa leo Charambe anayeogopa vibaka ana nafasi kubwa zaidi ya kumwona mwanawe anaingia darasa la kwanza kuliko aliyokuwa nayo mama yangu.

Kuna hatari nyingine ambayo zamani ilifichwa vizuri kuliko zote, na hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika nyumba ya jirani palikuwa na binti wa rika langu, hodari wa rede, hakuna aliyeweza kumlenga. Siku moja akaacha kuja kucheza. Wiki chache baadaye akapelekwa kwao kijijini. Wazee walikaa kikao, wakanywa chai, mpangaji mmoja akahama chumba, yakaisha. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa alichotendewa na yule mpangaji, mtu aliyekuwa akitununulia ubuyu, ambaye watoto wote tulimwita mjomba. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa aibu kwa ukoo wa binti. Ukimya ule ndio wengine leo wanauita amani.

Na binti yule hakuwa peke yake. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili wakiwa miongoni mwa walioufanya, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Waliohojiwa walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hesabu miaka yao. Wengi wao walikuwa watoto katika miaka ya 1990, enzi tunayoililia, enzi ambayo tunasema kila jirani alikuwa mzazi. Kweli, jirani alikuwa mzazi. Alikuwa pia na mamlaka yasiyoulizwa juu ya mtoto asiye wake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nasi tuliendelea kumtazama mpita njia.

Leo tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Mtu akisoma kwamba kesi za ubakaji zimeongezeka, hushika kichwa na kusema dunia imekwisha. Naomba aangalie upya. Kesi iliyofika dawatini ni mtoto aliyesema akasikilizwa. Zamani kesi ile ilikuwepo, ila iliishia kwenye kikao cha chai.

Sisemi leo ni pepo. Bodaboda zinavunja miguu ya vijana wetu kila siku. Viwanja vya wazi tulivyochezea kombolela vimemezwa na fremu za maduka. Matapeli wa simu wanawalia wazee akiba yao. Na watu wanatekwa. Ali Mohamed Kibao wa CHADEMA alishushwa kwenye basi Tegeta, Septemba 2024, mbele ya abiria, akapatikana ameuawa. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini zamani haituponyi nayo. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Miaka ya 1970, huko Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Kama kuna cha kuiga kutoka enzi hiyo, ni kilichofuata: mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumtesa mtu kwa mkono wake. Anayeitamani zamani na atamani kuwajibika huko.

Nimesema imani hii inatudhuru. Anayeamini kwamba usalama ulikuwepo ukapotea lazima amtafute aliyeuiba, na siku zote humwona ni kijana: aliyesuka nywele, aliyetoboa sikio, asiye na kazi, aliyehamia juzi. Ndipo tunaposhangilia msako unaozoa vijiwe vizima, mwenye hatia na asiye na hatia kwenye karandinga moja. Ndipo mtu anapopiga kelele ya mwizi na dakika kumi baadaye kuna mwili unaungua kando ya barabara, na wazee wanasema walau huyu hatarudia. Na wakati huohuo tunamwacha mtoto na mpangaji, na binamu, na mwalimu wa ziada, kwa sababu zamani tuliachwa hivyo hivyo na hatukudhurika. Waliodhurika hawakupewa nafasi ya kusema, basi tukahesabu kwamba hawapo.

Mtaa ulio salama haurudishwi kutoka mahali popote, kwa sababu hatujawahi kuwa nao. Unajengwa. Unajengwa kwa taa ya barabarani inayowaka, kwa kwenda kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza fedha za ulinzi zimekwenda wapi, kwa kuijua njia ya kwenda dawatini kabla hujaihitaji, kwa kumfundisha mtoto kwamba hata mjomba anaweza kukataliwa. Kila kilichopunguza makaburi ya watoto wetu kililetwa na watu waliokataa kuamini kwamba mambo yalikuwa mazuri yalivyokuwa.

Siku ile barazani nilimwuliza Mama, kwa adabu, kama anakumbuka kinu kilikaa wapi usiku kule Tandika. Akaacha kuchambua. Majirani zake wakamtazama. "Mlangoni," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuwahadithia wenzake juu ya fatuma, juu ya filimbi za lindo, na mwisho, kwa sauti ya chini, juu ya yule binti wa rede. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lake mbele za watu.