Dhahabu ya Tabora mnadani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wanaonunua sarafu za kale kwenye minada ya mtandaoni. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916 vita vikiwa vimewabana, na leo inaghushiwa sana. Ile halisi ina uzito wa gramu 7.2 hivi; ile bandia ya shaba iliyopakwa dhahabu, kwa ukubwa uleule, haifiki hapo. Mwombeni muuzaji picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani, tarakimu zikisomeka, na ya ukingo wake pia. Sumaku haitoshi, maana shaba nayo hainaswi. Muuzaji anayekwepa ombi hilo, tafadhali msimtumie pesa.

Mpenda sarafu,
Dodoma