"AWEZA" SI "SHARTI"



Nataka kusema neno juu ya vituo vya kulelea watoto wadogo, yaani wale ambao umri wao haujafika wa kuingia shule. Wanachama wengi wamekwisha kulizungumza jambo hili kwa njia ya huruma: kwamba mama akienda kazini mtoto hubaki na msichana ambaye naye ni mtoto, au hufungiwa chumbani, au hupelekwa kwa jirani aliyejaza watoto katika chumba kimoja. Hayo ni kweli, lakini huruma haitoi fedha katika hazina. Fedha hutolewa kwa amri ya sheria, na kwa fungu lililoandikwa katika makadirio. Basi nataka tulitazame jambo hili kama makarani, kwa kuisoma sheria neno kwa neno.

Kila karani ajua tofauti ya "aweza" na "sharti". Amri ikisema kwamba mkuu wa idara aweza kumpa mtu likizo, mtu huyo hana dai akinyimwa. Ikisema sharti ampe, akinyimwa anapo mahali pa kushtaki.

Tofauti hiyo yaonekana wazi sana katika sheria moja ya Afrika ya Kusini, nayo yafaa tuitazame kwanza kabla ya kutazama ya kwetu. Sheria ya Watoto ya nchi hiyo, namba 38 ya mwaka 2005, yasema katika kifungu cha 193 kwamba waziri wa jimbo sharti atoe fedha kwa makao ya watoto waliokosa ulinzi wa wazazi. Bali katika kifungu cha 93, juu ya malezi na mafunzo ya watoto wadogo, yasema waziri huyo huyo aweza kutoa. Maana yake ni hii: mtoto akiisha kuharibikiwa, serikali imefungwa na sheria, mtoto angali salama, serikali ina hiari yake. Na matokeo tumeyaona. Msaada wa serikali kwa watoto wa maskini katika vituo vilivyoandikishwa ulikuwa randi 17 kwa mtoto kwa siku tangu mwaka 2019, ukakaa pale pale hata makadirio ya mwaka 2025 yalipoupandisha kuwa randi 24. Katika miaka hiyo bei ya unga na maziwa haikungoja. Wala hapana aliyevunja sheria, kwa kuwa sheria haikumlazimisha mtu kuupandisha.

Sasa turudi kwetu Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya elimu ya chekechea na ya vituo vya kulelea watoto, zote katika mstari mmoja. Kaunti zetu 47 zilianza kazi mwaka 2013. Tangu hapo madarasa mengi ya chekechea yamejengwa na walimu wameandikwa, nasi twashukuru. Lakini chekechea ni ya watoto wa miaka 4 na 5. Mtoto wa miezi 6 au wa miaka 2 hana darasa, naye ndiye asiyeweza kuachwa hata saa moja. Sehemu ile ya pili ya mstari, yaani vituo vya kulelea, kwa kadiri kubwa imeachiwa watu binafsi, hasa akina mama wa mitaa ya maskini wanaolea watoto wa wenzao nyumbani mwao kwa malipo madogo ya kila siku. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya vituo hivi mwaka 2017, ili viandikishwe na kukaguliwa. Kukagua ni jambo jema. Lakini kumkagua mama ambaye hukumpa hata godoro moja si kulea watoto.

Kwa nini imekuwa hivyo? Katiba, kifungu cha 203, yaamuru kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha hizo huja bila masharti, na kila bunge la kaunti huzigawanya lionavyo vema. Basi kazi imetajwa, fungu halikutajwa. Na sisi tunaoandika vitabu vya hesabu twajua kwamba kazi isiyo na fungu ni kama barua isiyo na sahihi: yasomeka, lakini haimfungi mtu.

Wako watakaojibu kwamba fedha ni chache, na kwamba ukiifunga kaunti kwa "sharti" nyingi haitabaki na kitu cha kununulia dawa. Hili ni neno zito, wala silidharau. Lakini sharti laweza kuwa dogo na likawa sharti. Tena tuna mfano wa India, nchi yenye maskini wengi kuliko sisi. Vituo vyao vya watoto, viitwavyo anganwadi, vilianza mwaka 1975 kwa uchache. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliiamuru serikali ifikishe vituo 1,400,000 kabla ya kwisha Desemba 2008. Leo vituo hivyo vimekaribia hesabu hiyo. Havikosi kasoro, na wanawake wanaovitumikia wangali wakililia malipo bora. Lakini amri ilikuwa na hesabu na tarehe, kwa hiyo iliwezekana kumwuliza mtu, "Je, umeitimiza?"

Kwa hiyo naona kila kaunti yapasa kutunga sheria yenye mambo matatu. Kwanza, serikali sharti itoe, si aweza. Pili, itajwe kadiri ya fedha kwa mtoto kwa siku, hata ikiwa ni ya uji na mlezi mmoja tu, nayo ipimwe kila mwaka kwa bei ya sokoni. Tatu, majina ya vituo vilivyolipwa yabandikwe hadharani katika kila wadi.

Wanachama wenzangu, makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na Katiba yawapa raia haki ya kusema katika mambo ya fedha. Ni mikono yetu inayopiga chapa makadirio hayo. Chama na kipeleke maombi yake mapema, yakiwa yameandikwa kwa hesabu, kabla kurasa hazijafungwa. Ahadi ni deni, na deni hili limekwisha kuandikwa katika Katiba. Lililobaki ni kulitafutia fungu.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu,

KARANI