Dexa haifai kuuzwa kama karanga

Mtu mwenye maumivu ya magoti anaingia katika farmasi ya kartie, iwe Bukavu, Goma, Butembo ama Uvira. Haulizwi ordonansi. Anapewa vidonge vidogo vya dexamethasone, ambavyo wengi wanaviita dexa tu, na kesho yake anatembea vizuri. Jirani anasikia, naye ananunua kwa ajili ya mafua. Binti wa nyumba ya tatu ananunua ili anenepe mashavu. Biashara hiyo inafaa kusimamishwa, na sababu iko ndani ya seli za mwili wenyewe.

Wengi wanadhani kuvimba ni ugonjwa. Mguu ukichomwa na msumari unapata moto, unavimba, unauma, na watu wanasema umeharibika. Kumbe mguu uko kazini. Chini ya ngozi kuna seli za ulinzi zinazoitwa makrofaji. Juu yake kuna proteini zinazotambua vipande vya mikrobi. Moja, TLR4, inatambua kitu kilicho kwenye ganda la bakteria fulani. Bruce Beutler na wenzake huko Marekani walionyesha hivyo kwa panya mwaka 1998, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 2011. TLR4 ikiguswa, habari inapita kutoka proteini hadi proteini mpaka kwa ile inayoitwa NF-kappa B, ambayo siku zote imefungwa nje ya kiini cha seli. Kifungo kinavunjwa, inaingia ndani ya kiini, inawasha jeni. Hapo seli inaanza kupiga kelele: inatoa TNF na interlekini 1, mishipa ya damu inafunguka, maji yanapita, seli nyeupe za damu zinakimbilia kwenye kidonda.

Na mwili haukusahau breki. Kati ya jeni ambazo NF-kappa B inawasha, moja inatengeneza tena kifungo kilekile kinachoirudisha nje. Baadaye makrofaji zenyewe zinatoa interlekini 10, inayotuliza wenzake. Tezi ndogo zilizo juu ya figo nazo zinatoa kortizoli. Mkubwa wa kazi anajua saa ya kuanza na saa ya kufunga.

Dexa inaiga kortizoli hiyo, lakini kwa nguvu ya mara 25 hivi. Inaingia katika seli, inashikana na kipokezi chake, inafika kwenye kiini na kuinyamazisha NF-kappa B. Haitofautishi uvimbe wa bure na uvimbe unaozuia mikrobi.

Dawa yenyewe haina kosa. Mwaka 2020, uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulioitwa RECOVERY ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo vya wagonjwa wa Covid waliowekwa kwenye mashine ya kupumua kwa karibu theluthi moja. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Dawa ileile, kipimo kilekile. Tofauti ilikuwa nani anaipewa na wakati gani, jambo ambalo muuzaji aliye nyuma ya meza hawezi kulipima kwa macho.

Na huku Kivu hatari ni kubwa zaidi. Watu wengi wanabeba mikrobi ya kifua kikuu iliyolala katika mapafu, imezungushiwa ukuta wa seli za ulinzi, na TNF ni mojawapo ya vitu vinavyoshikilia ukuta huo. Anayemeza dexa miezi kadhaa anaweza kuulegeza. Kuna pia mnyoo unaoitwa strongiloide, unaoweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kinga ikinyamazishwa unazaana na kuenea hadi kuua. Sukari inapanda, tansio inapanda, mifupa inadhoofika. Mashavu ya yule binti ni mafuta na maji tu.

Watu watasema: muganga anataka pesa za konsultasio, kidonge ni bei ndogo. Ni kweli, na anayesema hivyo hapaswi kudharauliwa. Kwa hiyo kufunga farmasi peke yake hakutoshi. Wakaguzi wa afya wa jimbo wazuie dexa kuuzwa bila ordonansi, ndiyo, lakini maumivu ya magoti nayo yapate mahali pa kusikilizwa kwa bei ambayo mama muuza mboga anaiweza.

Aliyekwisha kuimeza wiki nyingi asiiache ghafla kesho asubuhi. Tezi zake zimezoea kulala. Kortizoli ikikosekana kwa mara moja, tansio inaweza kushuka na mtu akaanguka. Aende kituo cha afya, aseme wazi amemeza nini na kwa muda gani, wampunguzie polepole.