Si Kelele Tupu

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Naanza na methali hii kwa sababu wenzangu wa Kidato cha Tatu hunicheka kila siku. "Wewe kijana wa Murang'a, mbona unasikiza kelele za walevi wa Kizungu?" Mhariri amenipa nafasi, basi nami nijitetee.

Kelele wanazozisema ni albamu ya kundi la The Pogues iitwayo If I Should Fall from Grace with God, iliyotoka mwaka 1988. Mjomba ndiye aliyeniwekea katika simu ya nyumbani wakati wa likizo. Kundi hilo liliundwa London mwaka 1982. Mwimbaji wake mkuu, Shane MacGowan, alizaliwa Uingereza na wazazi kutoka Ayalandi. Wao walichukua ala za wazee, yaani kodiani, banjo na filimbi ya bati, wakazipiga kwa kasi na hasira ya panki, ule muziki wa vijana ulioshika moto miaka ya sabini.

Hoja yangu ya kwanza ni hii: kuharakisha ngoma ya wazee si kuikosea heshima. Babu yangu hupiga kodiani ya mwomboko. Nilipomsikizisha albamu hii nilidhani atanifukuza. Wapi! Alinyamaza, akaanza kugonga mguu sakafuni, halafu akasema, "Hawa wana haraka, lakini kodiani wanaijua." Sisi hapa shuleni hukariri nyimbo za jadi kwa ajili ya tamasha, na tamasha likiisha tunazisahau hadi mwaka ujao. Je, nani anayeheshimu mila zaidi?

Pili, nyimbo hizi husema ukweli hata pale unapouma. Wimbo mmoja unawatetea wanaume sita waliofungwa maisha kwa ajili ya mabomu yaliyoua watu 21 mjini Birmingham mwaka 1974. Mwaka 1988 wimbo huo ulipigwa marufuku kwenye redio na televisheni za kibiashara za Uingereza. Lakini mwaka 1991 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu na wanaume hao wakatoka, baada ya miaka kama kumi na sita kifungoni. Wimbo haukufungua jela, la hasha. Ila ulisema mapema jambo ambalo wengi waliogopa kulisema.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kuna wimbo uitwao Thousands Are Sailing, uliotungwa na mpiga gitaa wao Philip Chevron. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi vya Ayalandi. Watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine kwa mamilioni wakaabiri meli kwenda ng'ambo. Hata katika miaka ya 1980 vijana wao walikuwa bado wanakwenda Marekani kutafuta kazi.

Sasa dada yangu mkubwa yuko Ghuba, anafanya kazi ya nyumba. Huu ni mwaka wa pili. Karo yangu inatoka huko. Akipiga simu husema, "Niko sawa, soma kwa bidii." Mama akishakata simu hukaa jikoni kimya hadi ugali unaungua. Jioni moja nilimweleza mama maneno ya wimbo huo, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kikuyu. Alisikiza mpaka mwisho, akaniambia, "Hebu urudie." Basi wewe unayesema ni kelele tupu, njoo umwambie mama.

Sitaficha kasoro. Pombe ni nyingi mno katika nyimbo hizi. MacGowan mwenyewe alifukuzwa na wenzake mwaka 1991 kwa sababu ya ulevi, akafariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 65. Kijijini kwetu nimeona vijana waliomalizwa na chang'aa, kwa hivyo mwalimu akinionya namwelewa. Lakini hata ule wimbo wao mashuhuri, Fairytale of New York, unaanzia katika seli ya walevi usiku wa kuamkia Krismasi, na mle ndani mna wapenzi wawili wanaolaumiana kwa ndoto zilizopotea. Huko si kuusifu ulevi. Anayeusikiliza vizuri hatatamani chupa.

Kwa kukunja jamvi, nawaomba wanachama wa Chama cha Kiswahili: mwakani tusiimbe tu kama kasuku. Tumwalike babu na kodiani yake, tuongeze ngoma zetu, tutunge wimbo wa Kiswahili juu ya ndugu zetu walio mbali. Huenda ukawa na kelele. Lakini dada yangu akiusikia katika simu kule aliko, atajua kwamba hatujamsahau.