Nani Atatupimia Ardhi Yetu?



Huu ni msimu ambao vijana waliomaliza kidato cha nne wanachagua masomo ya chuo kikuu, na katika nyumba nyingi za Pwani mazungumzo ya baada ya isha hayana jambo jingine. Majina yanayotajwa ni yale yale: udaktari, uanasheria, ualimu, biashara, kompyuta. Yote yana kheri ndani yake, nasi hatumvunji moyo aliyeyachagua. Lakini wiki hii twaomba nafasi kwa masomo mawili ambayo hayasikiki sana barazani wala jikoni: jiomatiki na jiografia. Hatuyataji kwa ajili ya mshahara peke yake. Twayataja kwa sababu jamii yetu ina haja nayo kuliko jamii nyingi, na wenye kuyajua miongoni mwetu bado ni wachache.

Jiomatiki ni elimu ya kupima dunia na kuiweka katika ramani. Aliyeisoma hujua kuonyesha kwa hesabu mahali kitu kilipo: pembe ya kiwanja, ukingo wa bahari, njia ya bomba la maji. Jiografia nayo huuliza kwa nini kitu kiko pale kilipo, na watu wanaishi nacho vipi: kwa nini kisima hiki kimeingia chumvi na kile hakikuingia, kwa nini ufuo unaliwa na mawimbi, kwa nini vijana wanahama kijiji. Ni elimu mbili zinazotegemeana. Mmoja hupima, mwingine hufasiri.

Kwa nini haja yetu ni kubwa? Historia inajibu. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi wa Pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, uliwekwa chini ya usimamizi wa Waingereza kwa mkataba. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huo alete madai yake na kuyathibitisha ili aandikiwe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake halikukubaliwa, ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Kulikuwa na familia zilizojua shamba lao kwa mkwaju, kisima na makaburi ya wazee, lakini hazikuwa na karatasi. Kulikuwa na jamii zilizomiliki pamoja, na sheria ilitafuta jina la mtu mmoja. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa ilipotea hivyo hasa: walioshika minyororo ya kupimia, walioandika namba za viwanja na waliochora ramani hawakuwa watoto wa mahali hapa.

Athari zake twaishi nazo hadi leo. Kuna vijiji ambavyo watu wake huitwa maskwota katika ardhi waliyozikwa babu zao. Kuna mitaa ya Mombasa ambako mtu anamiliki nyumba lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi miaka nenda miaka rudi. Hatusemi kwamba kipimo peke yake kinaondoa dhuluma. Yako mambo ya sheria na ya siasa ambayo hayamalizwi na chombo cha mpimaji. Twasema kwamba katika kila kesi ya ardhi, mahali fulani mezani pana ramani, na asiyeweza kuisoma ramani hiyo humtegemea anayeshindana naye amsomee.

Tuje sasa ndani ya nyumba zetu, maana si kila dhuluma ya ardhi imetoka nje. Suratun Nisaa imeweka mafungu ya mirathi waziwazi. Tuchukue mfano wa bwana aliyefariki, wazazi wake wakiwa wametangulia, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa, na imebaki shamba ya ekari 4. Mke ana thumuni, yaani nusu ekari. Ekari tatu na nusu zilizobaki hugawanywa mafungu manne: mtoto wa kiume mawili, ambayo ni ekari 1.75, na kila binti moja, ambalo ni ekari 0.875. Hesabu imetimia, na Kadhi aweza kuitoa asubuhi moja.

Lakini hukumu hiyo iko katika karatasi, na shamba liko chini ya jua. Ekari 0.875 ya binti wa pili inaanzia wapi? Imo upande wa barabara au upande wa bonde linalojaa maji wakati wa masika? Kisima kimeangukia kwa nani, na njia ya kukifikia iko wapi? Mpaka mpimaji aje, apime, aweke bikoni na kuandaa ramani ya mgawanyo ili kila mrithi apate hati miliki yake, hisa hiyo ni maneno matupu. Hapo ndipo haki za mama zetu na dada zetu hupotea. Hakuna aliyekataa kuwa wana fungu, ila fungu halikukatwa. Miaka hupita, hati ingali na jina la babu, kaka mkubwa anavuna nazi zote, na dada anaambiwa asubiri. Akiuliza sana huonekana ana tamaa, ilhali anaomba alichopewa na Mola wake.

Hebu tufikirie pia mjane aliye ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na watu wameanza kuzunguka mipaka ya shamba lake. Ni nani ataingia uani kukaa naye, kumfungulia ramani na kumweleza kwa utulivu kilicho chake? Ni nani atamwuliza bibi wa miaka themanini, ambaye ndiye pekee anayekumbuka mpaka wa zamani ulipopita, na akajibiwa bila haya? Mpimaji mwanamke mwenye kuijua dini yake ana mlango hapa ambao mwenzake mwanamume hana. Ndiyo maana twasema masomo haya si ya wavulana peke yao.

Mwanafunzi wa jiomatiki husoma nini hasa? Huanza na hisabati na fizikia, kisha huingia katika upimaji wenyewe: kutumia vyombo vya kupimia pembe na umbali, na vipokezi vya mawimbi ya setilaiti. Hujifunza umbo la dunia, uchoraji wa ramani, kupima kwa picha za angani, na programu za kompyuta zinazopanga taarifa kulingana na mahali. Husoma sheria ya ardhi. Na husoma hesabu za makosa, yaani namna ya kujua kipimo chake kinaweza kukosea kwa kiasi gani na kusema hivyo kwa uaminifu. Simu ya mkononi huweza kupotoka kwa mita kadhaa. Katika shamba kubwa hilo ni dogo, lakini katika Mji wa Kale, ambako nyumba zinagawana ukuta, mita tatu ni chumba kizima cha jirani. Chombo cha mpimaji kikitumiwa vyema hufikia sentimita. Tena ni vyema tujue kwamba sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 yenyewe inasema ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mipaka imethibitishwa rasmi. Ugomvi mwingi wa majirani hutokana na kutolijua jambo hili moja.

Jiografia nayo isidharauliwe kwa kudhaniwa ni somo la kukariri majina ya milima. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huhifadhi hekta 117 za mikoko, na wanakijiji hupata fedha kwa hewa ya kaboni inayozuiwa na miti hiyo. Fedha hizo zimeingia katika maji na shule. Hakuna ambaye angelipa hata senti bila kujua eneo la msitu na hali ya miti yake mwaka baada ya mwaka. Hiyo ni kazi ya watu waliosoma mazingira, na mikoko tunayo kuanzia Vanga hadi Kiunga.

Wala elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipima kimo cha mlima na pembe ya upeo wa macho kutoka kileleni, akapata kwa hesabu ukubwa wa dunia nzima. Al-Idrisi alikamilisha ramani yake mashuhuri mwaka 1154, kusini ikiwa juu, na katika maelezo yake aliitaja Malindi na Mombasa. Wazee wetu wa mwambao nao waliita kaskazini kibla na kusini suheli, na hawakukosea. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, Mombasa ikiwa takriban digrii 39 na dakika 40 mashariki, na Makka digrii 39 na dakika 50. Kwa hiyo anayeswali Mombasa huelekea kaskazini takriban sawasawa, ilhali ndugu yake wa Nairobi hana budi kuinamia mashariki kwa digrii 7 hivi.

Mzazi anayetaka kuamsha hamu ya mwanawe na afanye naye jaribio hili. Tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba, na saa za Kenya ni sawa na za Saudia. Simamisheni fimbo wima uani. Mstari unaotoka ncha ya kivuli kwenda kwenye shina la fimbo ndio kibla chenu. Mtoto atakayeuliza kwa nini iwe hivyo ameshaanza masomo.

Twajua wazazi wana hofu, na hofu hizo si za kupuuzwa. Kazi hii ina jua, ina pori, na wanafunzi huenda kambini kwa majuma kadhaa kujifunza kupima. Mama huuliza: binti yangu atalala wapi, ataswali wapi, atakuwa na nani? Ni maswali ya haki, na yaulizwe chuoni kabla ya kujiandikisha: malazi ya wasichana yako vipi, wasimamizi ni kina nani, wasichana wangapi wako katika darasa hilo. Safari ikizua shaka ya kisheria, ulizeni wanavyuoni mnaowaamini, binti mwenyewe akiwapo. Nguo pana ya heshima, viatu vigumu na kofia juu ya hijabu havimzuii mtu kusoma chombo. Tena sehemu kubwa ya kazi siku hizi hufanywa ofisini, mbele ya kompyuta. Tusilolipenda ni mlango kufungwa kabla ya maswali kuulizwa.

Kwa mwenye nia, mambo machache ya kutendwa. Kwanza, Hisabati na Fizikia ndizo nguzo za jiomatiki. Wasichana wengi huiacha Fizikia mapema, na siku ya kuchagua chuo hugundua mlango ulifungwa zamani. Wanaofuata mtaala mpya nao waangalie njia ya sayansi na teknolojia wanapoingia shule ya upili ya juu. Pili, shahada ya fani hii hutolewa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, miongoni mwa vingine, na kwa kawaida huchukua miaka mitano. Ambaye alama zake hazikufika shahada asikate tamaa. Iko diploma katika Taasisi ya Upimaji na Ramani ya Kenya, Nairobi, na wapo walioanzia hapo wakapanda. Tatu, shahada haimfanyi mtu kuwa mpimaji mwenye leseni. Hubakia miaka ya kujifunza chini ya aliyekwisha kupata leseni, na mitihani. Familia ijiandae kwa subira.

Na juu ya yote, tuwafunze amana kabla ya chombo. Mtume wetu (s.a.w.) ametuonya kwa adhabu nzito siku ya Kiyama yule anayedhulumu ardhi, hata ikiwa ni shibiri moja. Mpimaji anaweza kuihamisha shibiri hiyo kwa kusogeza jiwe, na asionekane na mtu. Jamii yetu haitafuti mpimaji wa kutupendelea sisi. Twatafuta atakayesema kweli, ikiwa kwetu au juu yetu.

Wanavyuoni hutufundisha kwamba ziko elimu ambazo wakizisimamia baadhi wamewatosheleza wote, na wakiziacha wote, wote wana lawama. Sisi twaiona elimu ya kupima ardhi, kwa hali ya Pwani yetu, kuwa karibu na mlango huo. Basi katika mazungumzo yenu ya wiki hii, mtajeni mmoja katika nyumba yenu anayependa hesabu na asiyeogopa jua, mwana au binti, na mmwulize kama amewahi kulifikiria jambo hili.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wajane na mayatima haki zao kamili, na atujaalie tuwe wenye kupima kwa uadilifu. Amin.