Njia mbili zinazopita mahali pamoja ni njia moja

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania iliathirika vibaya, na sisi tusio na bahari tulionja makali yake. Mimi nilikuwa na mzigo Rusumo. Ofisi ya wakala wangu wa forodha iliyoko Dar es Salaam ilishindwa kutuma hati kwa ofisi yake ya Kigali. Dereva akalala mpakani siku mbili, na gharama nikalipa mimi.

Wakala alijitetea kwamba kampuni yake inalipia watoa huduma wawili. Ni kweli. Lakini mmoja alitegemea EASSy, mwingine SEACOM, na nyaya zote mbili zilikatika upande ule ule. Tena Februari mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, hivyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa na matatizo. Kulipa ankara mbili si kuwa na njia mbili.

Ndugu zangu mliorejea nyumbani mnakumbuka simu za setilaiti: unasema "haloo", unangoja. Setilaiti zile huelea kilomita 36,000 juu ya ardhi, na swali na jibu huchukua kama nusu sekunde. Kwa barua pepe si kitu. Kwa programu ya hesabu inayouliza na kujibiwa mara mia, ni adha. Ndiyo maana nyaya za baharini, zilizoanza kutufikia mwaka 2009, zilipokewa kwa furaha. Kosa letu ni kudhani hazikatiki.

Kwa maoni yangu, mwenye ofisi Bujumbura, Kigali na Dubai asianze kwa kuuliza bei. Amuulize mtoa huduma: waya wako unafika pwani Mombasa au Dar es Salaam? Unaingia nchini kwa mpaka upi? Baharini unaelekea kusini au kaskazini? Asiyeweza kujibu, asipewe mkataba.

Laini ya kukodi ni ghali. Iwekwe kati ya ofisi kubwa, penye hesabu na stoo. Tawi dogo linatosheka na intaneti ya kawaida, mradi taarifa zifungwe kwa siri zikiwa njiani. Setilaiti iwe akiba. Zile mpya zinazozunguka chini, yapata kilomita 550, hazicheleweshi kama za zamani, ila vibali hutofautiana nchi na nchi.

Nasi wafanyabiashara wa mpakani tusikae kimya. Kabla ya kumkabidhi wakala mzigo, tumuulize: mtandao ukikatika leo, hati zangu zitapita wapi? Asipokuwa na jibu, gharama ya kulala mpakani itakuwa juu yetu.